Kuchagua tochi ya kuogelea usiku Ziwa Nyasa

Usiku wa kwanza nilioingia majini pale Matema, Kyela, na miwani na bomba la kupumulia, tochi niliyoshika ilikuwa imeandikwa kwenye boksi lake lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na chini yake neno moja: haiingii maji. Niliinunua kwenye duka moja mjini Mbeya, nikajiona nimeshamaliza maandalizi. Tulielea taratibu kuelekea kwenye mawe, na baada ya kama dakika kumi mwanga ukawa wa njano, ukapepesa, ukazima. Nilipoitikisa nikasikia maji yanacheza ndani yake. Mwenzangu alikuwa mita chache mbele na kitochi chembamba kama kalamu ya chokaa, na hicho ndicho kilichoturudisha mchangani.

Giza la ziwani ukiwa umelala kifudifudi juu ya maji si sawa na giza la umeme kukatika nyumbani. Huoni mkono wako, hujui ufukwe uko upande gani, na mawimbi yanakugeuza bila wewe kujua. Ndiyo maana nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa ajili ya mtu anayekaa Mbeya, Tukuyu, Njombe au Iringa, ambaye amesikia uzuri wa ziwa letu usiku na anataka kushuka Kyela kuuona kwa macho yake. Wengi huanza kwa kuuliza lumeni ngapi. Mimi lumeni naziweka karibu na mwisho, na utaona sababu yake.

Hatua ya 1: Yajue maji kabla ya kuijua tochi

Ukifika Matema ukisimama ufukweni, upande wa magharibi ni mchanga mtupu mpaka kwenye mdomo wa mto Lufilyo. Ukielekea mashariki, pale Milima ya Livingstone inapokuja kuzamisha miguu yake ziwani, mchanga unakwisha na mawe yanaanza, yakiendelea hadi Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi ambao vyungu vyao huuzwa gulio la Lyulilo. Kwenye mawe ndiko kwenye mambo. Samaki wadogo wa rangirangi wanaoitwa mbuna, ambao mchana hurukaruka juu ya mawe wakila ukungu wa kijani, usiku hujibana kwenye nyufa wakiwa wamelala, rangi zao zimefifia. Kaa wa maji baridi hutoka kutembea. Samaki wenye sharubu wa jamii ya kambare huanza doria. Yupo pia samaki mrefu ambaye wanasayansi humwita Mormyrops anguilloides, mwenye uwezo wa kutoa umeme mdogo mwilini na kuutumia kuhisi vilivyo karibu naye gizani. Huyu huwinda mbuna usiku, akitembea na wenzake kundi moja.

Kwa hiyo kazi ya tochi yako ni moja hasa: kutoka juu ya maji, kupeleka mwanga kwenye ufa wa jiwe ulio mita moja hadi nne chini yako. Shika hilo, maana ndilo litakaloamua mengine yote.

Kuna mambo mawili ambayo tochi haiwezi kukusaidia, nayo niyaseme hapa hapa. La kwanza ni midomo ya mito. Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe inapoingia ziwani kuna mamba, na viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Usiogelee usiku karibu na mto wala karibu na matete, hata kama una taa ya kuangaza uwanja wa mpira. Uliza wavuvi wa pale pale jioni ile ile, kwa sababu wao ndio wanaojua mnyama ameonekana wapi juzi. La pili ni nyavu. Wavuvi hutega jioni na kuzitoa alfajiri, na wavu wa nailoni mwembamba hauonekani mpaka umeshakushika mguu. Pita kwa kikundi cha BMU cha kijiji, yaani kile kinachosimamia uvuvi wa ufukwe huo, waeleze unaingia wapi na saa ngapi. Wakikuona na mwanga chini ya maji karibu na nyavu zao bila taarifa, watakuchukulia mwizi, na watakuwa na haki ya kushtuka.

Msimu nao una sauti. Mvua za masika zikikolea, mito huleta tope na maji ya upande ule huwa kama chai ya maziwa. Tochi yoyote hapo ni kazi bure. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi unaweza kulichafua ziwa kwa siku kadhaa mfululizo. Mimi hupenda Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jioni ambazo maji yametulia na mawe yanaonekana vizuri kutoka kwenye mtumbwi.

Hatua ya 2: Chagua umbo la mwanga

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu yeyote aliyepita Isongole asubuhi ya ukungu akielekea Tukuyu anajua kitu kimoja: dereva akiwasha taa kubwa, ukungu unageuka ukuta mweupe na barabara inapotea. Akipunguza taa, barabara inarudi. Majini ni hivyo hivyo. Maji ya ziwa, hata yakiwa safi, yamejaa chembe ndogo: vumbi la mwamba, mimea midogo, vijidudu. Mwanga mwingi uliotawanyika unazipiga zote zilizo mbele ya uso wako, nazo zinakurudishia mwanga machoni. Unaona theluji, huoni samaki.

Usiku tatizo linazidi, kwa sababu viumbe vidogo vingi hupanda juu gizani. Mabuu ya wale mbu wa ziwani wasiouma, ambao mchana tunawaona kwa mbali wakisimama kama moshi juu ya maji, hutoka vilindini usiku na kuja juu. Vikiona mwanga, vingi vyao vinakuja. Usipa nao wanakuja. Wavuvi wamelijua hilo miaka mingi. Ndiyo sababu ya karabai, na sasa taa za betri, zinazofanya ziwa lionekane kama mji usiku wa giza. Mzee mmoja aliyetupeleka kwa mtumbwi aliitazama taa pana ya rafiki yangu ikiwaka chini ya maji, akacheka kwa upole, akasema, "Mwanangu, hiyo siyo ya kuangalia samaki. Hiyo ni ya kuwaita." Alikuwa sahihi kabisa. Baada ya dakika tano rafiki yangu alikuwa amezungukwa na wingu la usipa na wadudu, haoni hata vidole vyake.

Sasa hesabu kidogo. Tochi yenye mwale wa nyuzi 10, ukiimulika ukutani kutoka mita 3, huacha duara la kama nusu mita. Yenye nyuzi 90 huacha duara la mita 6. Eneo linalomulikwa na ile ya pili ni zaidi ya mara 100 ya ile ya kwanza, maana yake mwanga ule ule umesambazwa mara zaidi ya 100. Ndiyo maana tochi ya lumeni 300 yenye mwale mwembamba itakuonyesha kaa ndani ya ufa, na ile ya lumeni 2,000 yenye mwale mpana isikuonyeshe. Kumbuka pia kwamba mwanga ukitoka kwenye kioo bapa na kuingia majini hupinda, na mwale hubana kwa takribani robo. Nyuzi 10 za dukani zinakuwa kama 7 na nusu ziwani.

Ushauri wangu: tafuta mwale wa kati ya nyuzi 8 na 15 wenye kitovu kinachong'aa, na kuzunguka kitovu hicho kuwe na mwanga hafifu unaomwagika pembeni. Kitovu ni cha kuchungulia nyufani. Ule wa pembeni unakusaidia usigonge jiwe na kichwa. Ukiisimamisha tochi mbele ya ukuta wa duka, utayaona yote mawili kwa sekunde moja: doa kali katikati na duara pana lililofifia. Kama unaona duara moja tu lenye mwanga sawasawa kuanzia katikati mpaka ukingoni, hiyo ni taa ya picha za video. Ni nzuri kwa mpiga picha anayesogea karibu sana na anachokipiga, si kwako.

Tochi za kuvaa kichwani sizipendekezi kwa kuelea usiku. Chanzo cha mwanga kinakaa sambamba na macho, hivyo kila chembe inakurudishia mwanga moja kwa moja, na kila ukimgeukia mwenzako unampofusha. Tochi ya mkononi unaweza kuisogeza mbali na uso, ukainyoosha mkono ubavuni, na theluji inapungua hapo hapo.

Kuhusu rangi, mweupe wa kawaida unafaa. Maji humeza wekundu kwanza, lakini kwa umbali wa mita mbili tatu mwanga wa tochi unafika ukiwa bado na rangi zake, na hii ni moja ya raha za usiku: utaona chungwa na wekundu ambao mchana, kina kile kile, ungeuona umefifia. Baadhi ya tochi zina taa ndogo nyekundu ya ziada. Ikiwepo, ni faida, kwa sababu samaki wengi hawashtuki sana kwa mwanga mwekundu, na macho yako hayapotezi mazoea ya giza.

Na lumeni? Kwa maji yetu, 300 hadi 1,000 zinatosha, mradi tochi iwe na kiwango cha chini unachoweza kuchagua. Mimi hutumia kiwango cha chini karibu muda wote. Namba za 10,000 na 50,000 kwenye tochi za bei ya chai na maandazi usizisome kabisa. Vile vile usibabaike na maandishi kwamba mwanga unafika mita 200. Kwa kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi, FL1, umbali huo ni pale mwanga unapokuwa umefifia hadi robo ya luksi, karibu na mbalamwezi, tena hewani. Majini haukuhusu.

Hatua ya 3: Kagua jinsi maji yanavyozuiwa

"Haiingii maji" si kipimo. Kipimo ni namba. IP67 maana yake tochi imejaribiwa kwenye maji yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Hiyo ni tochi ya mvua, ya kuangukia dimbwini. IPX8 maana yake imepita hapo, lakini kwa kina ambacho mtengenezaji mwenyewe amekitaja, hivyo IPX8 bila mita ni nusu ya maelezo. Tafuta iliyoandikwa mita 50 au zaidi, na mita 100 ni za kawaida kwa tochi za wazamiaji.

Utaniuliza: mimi naelea juu, mita 50 za nini? Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu usawa wa bahari. Ukijirusha kutoka kwenye mtumbwi, ukizama kidogo kuchungulia pango, ukiigonga kwenye jiwe, tochi inapata misukosuko ambayo ndoo ya maji yaliyotulia haina. Na mpira unaozuia maji huzeeka. Unanunua akiba.

Mpira huo mafundi wanauita oringi. Fungua tochi pale dukani. Kwenye uzi wa kifuniko unatakiwa kuona oringi mbili, moja nyuma ya nyingine. Ikiwa moja, fikiri mara mbili. Ipapase kwa kidole: iwe laini, isiwe na ufa wala mkunjo, ikae kwenye mfereji wake bila kulegea. Uzi wa kifuniko uwe mnene na uzunguke bila kukwaruza. Kama tochi ina tundu la chaji la USB lililofunikwa na kizibo cha mpira tu, iache. Kizibo hicho ndicho kilichonitia gizani usiku ule. Tundu la chaji likiwa ndani, chini ya kifuniko chenye oringi, hapo sawa.

Tochi iliyouzwa vizuri huja na oringi za akiba na kichupa kidogo cha grisi ya silikoni. Paka kidogo sana, mpira ung'ae tu. Grisi ikiwa nyingi inashika mchanga, na chembe moja ya mchanga wa Matema chini ya oringi inatosha kuwa mlango wa maji. Usitumie mafuta ya kupikia wala mafuta ya mgando bila kujua mpira wako ni wa aina gani, kwa kuwa baadhi ya mipira huvimba. Na kama oringi zenyewe ni za silikoni, grisi ya silikoni huzidhuru. Karatasi ya maelekezo itakuambia.

Sasa jambo ambalo sisi wa nyanda za juu tunalo na watu wa pwani hawana. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi hewa yetu ni baridi na kavu. Kyela ni joto na unyevunyevu. Ukifunga tochi yako Kyela, unafungia ndani hewa yenye unyevu. Ikiingia kwenye maji yenye ubaridi kuliko hewa ile, unyevu unageuka ukungu nyuma ya kioo, na mwale wako mzuri unakuwa maziwa. Ukiifunga Mbeya asubuhi kabla ya kupanda gari, umefungia hewa kavu. Zaidi ya hapo, hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya ziwani. Ukifika Matema, hewa ya nje inakuwa inaisukuma tochi ndani kidogo, kama vile iko chini ya maji kwa mita moja hivi, na kifuniko kinakaa kwa nguvu zaidi. Utakiona kigumu kidogo kukifungua. Usiogope, siyo kwamba kimekwama. Kwa hiyo weka betri iliyojaa, paka grisi, funga nyumbani, na usiifungue mpaka mmerudi kutoka majini. Tangu nianze kufanya hivyo sijapata ukungu kwenye kioo hata mara moja.

Hatua ya 4: Swichi na kamba

Kuna tochi za kuzungusha kichwa, za kubonyeza kitufe cha mpira, na za kusogeza kidude chenye sumaku. Ya sumaku haina tundu lolote linalopenya ukuta wa tochi, hivyo ndiyo salama zaidi, ila mchanga ukiingia chini yake unaweza kukwama; suuza tu. Ya kuzungusha ni imara lakini inataka mikono miwili, na kila ukiizungusha oringi inasuguliwa. Kitufe cha mpira kinategemea ubora wa mpira wenyewe.

Jaribu ukiwa na mikono yenye sabuni. Kweli, omba maji na sabuni pale pale. Mkono uliolowa ziwani kwa dakika arobaini hauna nguvu wala wepesi wa mkono wa dukani. Ikikushinda hapo, itakushinda kule.

Kamba ya mkononi ni lazima, na iwe na kishikio cha kukaza ili isichomoke. Upande wa Ikombe chini kunashuka ghafla. Tochi inayozama ikikuponyoka pale, umeipa ziwa zawadi. Zipo tochi zinazoelea. Kwa mtu wa kuelea juu ni uamuzi mzuri, na ikikuponyoka ikiwa inawaka utaiona ikicheza juu ya maji.

Hatua ya 5: Betri, penye uongo mwingi

Tochi nyingi nzuri za siku hizi hutumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Nyingine ni 21700, nene na ndefu kidogo. Volti zake ni 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2.

Madukani utaona 18650 imeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji inayobeba. Haiwezekani. Betri halisi za ukubwa huo, zilizo nzuri, ziko kati ya mAh 2,500 na 3,600. Anayeandika 9,900 amekudanganya kwenye betri, basi na maneno yake kuhusu tochi yapime hivyo hivyo. Njia rahisi ya kukagua ni uzito: betri ya kweli ina gramu 45 hadi 50 hivi, za uongo mara nyingi ni nyepesi sana. Kwetu mizani ya gramu siyo shida kuipata, maana tuna wanunuzi wa dhahabu ya Chunya. Mwombe mmoja akupimie.

Muda wa kuwaka unaweza kuukadiria mwenyewe. Betri ya mAh 3,000 kwa volti 3.6 ina nishati ya takribani wati 11 kwa saa moja. Tochi nzuri ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Ukiwasha lumeni 1,000 unatumia wati 10, utapata saa moja tu na kidogo. Ukiwasha 300, utapata zaidi ya saa tatu. Boksi likiandika saa 4, ujue kwamba kwa kipimo cha FL1 saa huhesabiwa mpaka mwanga umeshuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Nusu ya muda huo huenda ukawa unaogelea na mshumaa.

Tochi za betri za kawaida za AA zina sifa moja kubwa kwetu: betri zinapatikana Ipinda, Kyela, popote. Kama safari yako ni ya siku kadhaa na umeme wa kuchajia haueleweki, tochi ya AA ni chaguo la busara, hasa ukitumia zile za kuchaji. Usichanganye betri mpya na kuukuu ndani ya tochi moja. Betri dhaifu inayolazimishwa na wenzake hutoa gesi, na ndani ya kopo lililozibwa hivyo gesi haina pa kwenda.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla hujashuka

Toa betri. Weka ndani kipande cha tishu kavu, funga, izamishe kwenye ndoo ya maji usiku mzima ukiikandamiza kwa jiwe. Asubuhi ikaushe vizuri nje, fungua, tazama tishu. Ikiwa na doa la unyevu, irudishe dukani. Ndoo haina kina, kwa hiyo ukifika ziwani rudia kabla ya giza: ifunge kwa kamba pamoja na jiwe, ishushe kutoka kwenye mtumbwi mita 5 au 6, subiri robo saa. Jaribio hili la pili bado ni bila betri, na kwa kuwa utaifungua hewa ya Kyela, lifanye safari ya kwanza tu au siku moja kabla, kisha iache ikauke mahali penye upepo kabla ya kuweka betri.

Usiiwashe kwa nguvu kubwa hewani kwa muda mrefu. Tochi nyingi za kuzamia hutegemea maji kuzipoza, na nje zinaweza kuchemka hadi kuharibu taa.

Hatua ya 7: Usiingie na tochi moja

Kila mtu tochi mbili: kubwa mkononi, ndogo imefungwa kiunoni au kwenye mkanda wa begani. Ile ndogo isiwe ya kisasa, iwe ya uhakika. Lumeni 100 zinatosha kukurudisha. Na mfukoni mwa akili yako weka kanuni: ya kwanza ikizima, safari imekwisha, wote mnarudi.

Kubalianeni ishara mkiwa mchangani. Tochi ikizungushwa duara polepole chini, ni "niko salama". Ikipungwa haraka kushoto na kulia, ni "nina shida, njoo". Usimulike uso wa mwenzako kamwe. Mulika mbele ya mikono yake.

Ya tatu iachwe ufukweni. Hiyo iwe taa ya kawaida ya nyumbani, imening'inizwa juu ya mti mahali mlipoingilia, na mtu mmoja akae nayo. Weka rangi au alama ya kuitofautisha, kwa sababu usiku wa giza ziwa limejaa taa za wavuvi wa usipa na zote zinafanana. Kwa safari ya kwanza mimi hupendekeza usiku wa mbalamwezi: wavuvi wa taa wengi hupumzika, na mlima unauona umesimama, unajua nchi kavu iko wapi.

Hatua ya 8: Ukiwa majini

Ingia kabla giza halijakamilika, macho yazoee. Kaa mahali ambapo ulipita mchana na unayajua mawe yake. Shikilia tochi mbali na kichwa, mwanga ukiingia kwa pembeni, siyo sambamba na macho. Pitisha mwale polepole. Ukiukimbiza kama unatafuta ng'ombe aliyepotea hutaona kitu. Ukimpata mbuna aliyelala, mmulike kwa ukingo wa mwanga, siyo kitovu, na usikae naye zaidi ya sekunde chache. Amelala hapo ili asionekane, na wewe umewasha taa juu ya kitanda chake huku wanaomwinda wako karibu.

Wadudu wakizidi kuzunguka taa, zima nusu dakika, shikaneni mikono, subirini. Watatawanyika. Nusu dakika hiyo inatisha mara ya kwanza. Mara ya pili utaanza kuona kwamba maji siyo meusi kabisa.

Neno kuhusu kichocho, kwa sababu Ziwa Nyasa linacho. Vimelea hutoka kwa konokono zaidi mchana, jua likiwa kali, hivyo usiku hatari ni ndogo, lakini haijaisha. Epuka maji yaliyotuama na yenye majani, jifute mara ukitoka, na wiki kadhaa baadaye nenda ukapime. Dawa yake ipo na inafanya kazi.

Baada ya kutoka

Suuza tochi kwa maji safi ikiwa bado imefungwa, ukiizungusha swichi ili mchanga utoke. Ikaushe kwa kitambaa, hasa kwenye maungio, kisha ishike kichwa kikitazama chini wakati unafungua nyuma, ili tone lililobaki lidondoke nje na siyo ndani. Fungua polepole, uso ukiwa pembeni. Ukikuta maji yameingia na betri ni ya lithiamu, itoe, iweke mahali pasipo na kitu cha kushika moto, usiichaji tena.

Kama hamtaingia tena majini, toa betri na uibebe kwenye kikasha chake, isigusane na funguo wala sarafu mfukoni kwenye gari la kupanda Tukuyu. Nyumbani ichaji nusu tu, maana lithiamu iliyojaa ikikaa miezi bila kazi huchakaa upesi. Chomoa oringi kwa kijiti cha meno, siyo kwa sindano, ifute, ipake grisi, irudishe, na kifuniko kiache kimelegea ili mpira usibanwe muda wote. Kitakazwa asubuhi ya safari nyingine, hapo hapo Mbeya.